Wiki ya Tisini na Sita ya "Narudi Sasa Hivi"

Duka la Muziki la Sikiliza Kwanza,
Mkabala na posta, ghorofa ya chini.
Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua.

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Ishirini Bora,

Kuhusu: Ombi la kuiondoa kwenye orodha albamu iliyokataa kuondoka yenyewe

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe pamoja na wachapaji wako, msahihishaji wako, na yule karani wa takwimu anayenipigia simu kila Alhamisi saa nne asubuhi kuniuliza nimeuza nini. Sauti yake naifahamu kuliko sauti za baadhi ya ndugu zangu. Natumaini mafua yamempungua.

Mimi ni mmoja wa wenye maduka kumi na mawili ambao takwimu zao hutengeneza orodha yako ya albamu ishirini zinazouzwa kuliko nyingine. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili bila malipo na bila kuongopa, isipokuwa mara moja kwa muda wa nusu saa, na habari hiyo nitaieleza mbele. Sijawahi kukuandikia kulalamika. Hata pale ulipochapa picha ya mwanamuziki aliye hai kwenye tangazo la rambirambi nilinyamaza, nikasema kazi ni nyingi na ofisi ni ndogo. Lakini leo nimefika mwisho.

Gazeti lako la leo liko mbele yangu. Albamu ya "Narudi Sasa Hivi", ya yule mwimbaji anayejulikana kwa jina la Chiriku, imetimiza wiki ya tisini na sita kwenye ukurasa wako. Iko nafasi ya ishirini. Chini yake hakuna kitu, ni tangazo la magodoro tu. Nakuomba, Ndugu Mhariri, Jumamosi ijayo uiache iangukie kwenye magodoro. Na kama haitaanguka, uisukume.

Usije ukadhani nina chuki na Chiriku, kwa hiyo naweka maslahi yangu wazi. Chiriku ana waitikiaji watatu. Kwenye jalada la albamu wamesimama nyuma yake pamoja na bendi, na yule wa pili kutoka kushoto, aliyevaa gauni la bluu na kutazama pembeni kana kwamba ameitwa na mtu, ni mchumba wangu. Aliyemwita ni mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mpiga picha, nimemshikia mchumba koti.

Wiki ile albamu ilipokuwa inakaribia kutoka, meneja wa Chiriku aliwapa waitikiaji mikataba ya aina mbili wachague. Wa kwanza ulisema watasafiri na bendi kwa miezi sita kamili. Wa pili ulisema watasafiri na bendi hadi albamu itakapoondoka kwenye Ishirini Bora. Mchumba wangu aliileta yote miwili hapa dukani, akaitandaza juu ya kaunta, akasema, "Wewe ndiye mtaalamu. Nisaini upi?"

Ndugu Mhariri, nilivaa miwani. Nilishusha faili langu lenye orodha zako zote, nikapiga hesabu ya wastani kwa penseli, nikairudia. Albamu ya kawaida hukaa wiki nane. Ikiwa na bahati sana, kumi. Miezi sita ni wiki ishirini na sita. Nikamwambia asaini ule wa pili, na kwa raha ya kuonekana mjuzi nikamwazima na kalamu. Akasema vizuri, basi albamu ikitoka kwenye orodha, Jumamosi inayofuata tunafunga ndoa. Suti nilishonesha wiki hiyohiyo.

Sasa malalamiko yangu nayapanga kwa namba, usije ukasema nimeandika kwa hasira, ingawa nimeandika kwa hasira.

1. Albamu hii haijiuzi yenyewe, inabebwa. Nasema kama mtu aliyeitazama kila siku kwa karibu miaka miwili. Ilitoka pamoja na singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, ya "Kitasa", ikapanda hadi nafasi ya kwanza, ikakaa pale, kisha ikaanza kuteremka taratibu na kwa adabu. Wiki ya kumi na nne ilikuwa ya kumi na saba. Nilikuwa nimekwisha kumtuma shangazi yangu akaandikishe ukumbi. Jumatatu yake akaja msambazaji na boksi jembamba, ndani yake singo ya pili, "Mwulize Jirani". Ni wimbo uliokuwa ndani ya albamu tangu siku ya kwanza, namba nne, na mtu yeyote mwenye vidole angeweza kuufikia. Lakini redio zikaushika kana kwamba umeokotwa jana. Wiki tatu baadaye albamu ilikuwa nafasi ya nne, na shangazi alikuwa ameshaandikisha ukumbi kwa furaha.

Tangu hapo mchezo ni uleule. Albamu ikifika kumi na nane, kumi na tisa, mimi nikishaanza kupiga pasi suti, kampuni inachomoa wimbo mwingine. Wiki ya thelathini na mbili wakatoa "Taa ya Sebuleni". Wiki ya hamsini na tatu, "Hatua Saba". Wiki ya sabini na tano, "Mwavuli wa Njano". Kila wimbo unaiongezea albamu wiki ishirini hivi za uhai. Mtu akitundikiwa dripu mara nne hatusemi ana afya njema, lakini wewe, Ndugu Mhariri, kila Jumamosi unamwandika kwenye orodha ya wenye afya.

2. Kila singo inaleta watu wapya. Hili ndilo linalonivunja moyo, maana wangekuwa walewale wangekwisha. "Kitasa" ilileta vijana. "Mwulize Jirani" ilileta mama zao, ambao walinunua wakisema ni ya vijana wao, kisha nikawasikia wanaiimba wakivuka barabara. "Hatua Saba" ilileta watoto wa shule na mwalimu wao wa michezo, na baada yao wagonjwa wa mgongo, kwa sababu kuna daktari aliyegundua kwamba zile hatua saba za kucheza zinanyoosha kiuno. "Mwavuli wa Njano" ina gitaa refu katikati, na gitaa hilo liliniletea wastaafu ambao hawajanunua muziki tangu walipoacha kazi. Walisimama kwenye kaunta wamefumba macho, nikawa nasubiri wafumbue ndipo niwape chenji. Nilidhani nawajua watu wote wa mji huu. Singo zimenionyesha kwamba nilikuwa najua theluthi.

"Taa ya Sebuleni" nimeiruka makusudi. Ni wimbo wa polepole, na watu wameuchagua kuwa wa harusi. Nimewauzia albamu hii maharusi hamsini na wanane, na sita kati yao walinialika. Nilihudhuria zote sita nikiwa na suti niliyoshonesha kwa ajili ya harusi yangu. Kwenye ile ya nne, fundi cherehani wangu alikuwa mwalikwa pia, akanitazama kutoka meza ya pili kwa uso wa mtu anayeona kazi yake inachakaa kabla ya kuzinduliwa. Na kwenye kiitikio, bwana na bibi harusi wakiwa wanazunguka katikati ya ukumbi, ile sauti ya nyuma inayosema "usiizime bado" ni ya mchumba wangu. Anawaambia wao. Mimi nimekaa pembeni na soda.

3. Stika. Kampuni haitaki kuchapa jalada jipya kila mara, kwa hiyo tangu mwanzo kila singo inakuja na bunda la stika za duara, nyekundu, zimeandikwa NDANI na chini yake jina la wimbo. Sisi wenye maduka ndio wabandikaji. Stika ya kwanza ilifunika viatu vya Chiriku, hakuna aliyejali. Ya pili ilimfunika mpiga ngoma. Ya tatu ilikula mpiga kinanda pamoja na neno la kwanza la jina la albamu, likabaki "Sasa Hivi" peke yake. Ya nne, maelekezo yalisema ibandikwe juu kushoto, sentimita tatu kutoka ukingoni. Nilipima kwa rula. Sentimita tatu kutoka ukingoni ni uso wa mchumba wangu.

Niliibandika, Ndugu Mhariri. Nakala mia mbili na kumi, moja moja, nikikandamiza kwa kidole gumba changu mwenyewe. Maelekezo ni maelekezo. Siku hiyo sikula mchana.

Ya tano imemfunika Chiriku, limebaki jicho moja na hereni. Jana mteja aliigeuzageuza, akaniuliza kama ni mchezo wa watoto na unachezwa na watu wangapi.

4. Kuna watu wazima wanaoinunua mara mbili. Mkaguzi wa mabasi anayepita hapa kila siku ameinunua mara tatu. Mara ya kwanza aliipenda. Mara ya pili aliona stika mpya, akadhani albamu ni mpya. Mara ya tatu nilimwambia kwa upole kwamba anayo, tena anazo mbili. Akanijibu kwamba analijua hilo, ila zile za nyumbani hazina stika ya mwavuli. Nasema bila kuuma maneno: mtu anayenunua albamu anayoijua wimbo kwa wimbo, kwa sababu tu imebandikwa kikaratasi cha duara, hafai kuingizwa kwenye takwimu za watu wenye akili timamu. Awekewe orodha yake, na jamaa zake waarifiwe.

5. Nimegeuzwa mshirika katika kujicheleweshea ndoa. Juu ya mlango wangu kuna spika moja. Wimbo ukipigwa pale, anayekwenda posta anausikia, na akirudi na stempu zake anaingia kuuliza ni nani huyo. Nilipoelewa kwamba nachelewesha harusi yangu kwa spika yangu mwenyewe, niliacha kabisa kupiga nyimbo za Chiriku. Wiki nzima nilipiga bendi ya chuo cha zimamoto, ambayo ina tarumbeta kumi na nne. Mauzo ya "Narudi Sasa Hivi" yaliongezeka kwa nakala tisa. Watu waliingia kuniuliza kulikoni sipigi ule wimbo, na kwa kuwa walikuwa wameshaingia, wakanunua albamu.

Sasa ile nusu saa. Wiki ya hamsini na mbili albamu ilikuwa nafasi ya ishirini, kama leo. Karani wako alipopiga simu, daftari langu lilisema kumi na nne. Mimi nikasema nne. Akanishukuru, akakata. Nikakaa kwenye kiti. Nikautazama ule msumari ukutani ambako natundika orodha zako, moja juu ya nyingine, nikawaza kwamba nikioa kwa takwimu ya uongo, basi nikimtazama mke wangu mezani nitakuwa naziona nakala kumi zimekaa katikati yetu. Baada ya nusu saa nilimpigia karani nikamwambia samahani, kumi ilidondoka. Jumamosi orodha ikatoka, na albamu ilikuwa imebaki nafasi ya ishirini kwa tofauti ya nakala mbili. Jumatatu wakaleta "Hatua Saba".

Nilimsimulia mchumba wangu kwenye simu. Akasema, "Ningesikia umedanganya ningekuacha. Lakini nakala mbili tu, jamani?"

6. Familia yangu imeharibika. Shangazi yangu, mama mtu mzima asiye na redio nyumbani, sasa anafungua gazeti lako kwenye ukurasa wa muziki kabla ya kusoma vifo, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Kila Jumamosi saa tano anaingia dukani, hanisalimii, anasema tu, "Bado?" Nami nasema bado. Ameshahamisha tarehe yetu ukumbini mara tano, na mwenye ukumbi sasa anatuandika kwa penseli. Suti imeachiwa kiunoni mara mbili. Mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye zamani aliniita mwanangu, sasa akinisema kwa watu ananiita yule mwenye duka.

Namba saba sikutaka kuiandika, lakini ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mchumba wangu hunipigia kila Jumapili akitoka jukwaani. Huniambia mapazia ya hoteli ni ya rangi gani na nani kwenye basi anakoroma. Jumapili iliyopita alikuwa na haraka. Alisema kuna jambo anataka nilijue, lakini si la kusema kwenye simu, litanifikia dukani ndani ya boksi la msambazaji. Nikamuuliza ni jambo gani. Akasema, "Utaliona mwenyewe," akakata.

Naogopa, Ndugu Mhariri. Sioni aibu kukwambia hivyo, ingawa hatujawahi kuonana. Wiki tisini na sita ni nyingi kwa mwanamke anayelala kwenye kiti cha basi kwa sababu mchumba wake alimwazima kalamu. Nadhani amechoka, na nadhani ndani ya boksi hilo mna pete yangu, anairudisha. Nimepiga hesabu: albamu ina nyimbo kumi, zimetoka tano, zimebaki tano. Kwa wiki ishirini kila mmoja ni wiki mia moja tena. Nitakuwa nakaribia miaka arobaini na minne. Faraja yangu moja tu ni kwamba nyimbo ni kumi na zitabaki kumi, hata kampuni ile haina uwezo wa kuzifanya kumi na moja.

Kwa hiyo nakuletea mapendekezo, nikianza na lililo dogo.

Albamu istaafu. Walimu wanastaafu, askari wanastaafu, hata treni zinastaafu. Albamu ikifika wiki hamsini ipewe cheti na picha ya pamoja, ikapumzike.

Kama hilo ni gumu, basi wimbo ukishatolewa singo ukatwe kutoka kwenye albamu. Wameutoa, umetoka. Chiriku leo angekuwa anauza nyimbo tano, akitoa mwingine anauza nne, mwishowe auze kasha tupu, na kasha tupu hata mimi nisingeliuza haraka hivyo, ingawa mkaguzi wa mabasi angechukua moja kama lina stika.

Kama wanasheria watalikataa, basi kila mwanamuziki aruhusiwe wimbo mmoja mzuri kwa kila albamu, na tisa mbovu. Zamani ilikuwa hivyo, albamu zilikaa wiki nane, na watu walioana. Wimbo mzuri uandikishwe ofisini kwako kabla ya kurekodiwa. Zile tisa zisikilizwe na kamati, ambayo niko tayari kuwa mwenyekiti wake, kuhakikisha kwamba ni mbovu kweli na hazijifanyi. Atakayebainika kuficha wimbo mzuri wa pili auharibu mbele ya kamati kwa mikono yake. Nina tarumbeta za zimamoto kwenye kanda, atazipata bure.

Hilo likishindikana, viitikio vipigwe marufuku. Kinachomfanya mtu aukumbuke wimbo ni kiitikio, na mtu akikumbuka, ananunua. Bila viitikio hakuna waitikiaji, bila waitikiaji hakuna mkataba, na mchumba wangu atakuwa nyumbani Jumanne. Nakiri kwamba atakuwa pia hana kazi, na kwamba ni mtu anayeimba hata akifunga kamba za viatu, kwa hiyo pendekezo hili ulishughulikie kwa uangalifu, au uniachie kwanza nilifikirie tena.

Na yote yakikataa, chapa albamu kumi na tisa. Basi. Pale kwenye nafasi ya ishirini pandisha yale magodoro. Wasomaji hawatagundua, na wewe utapata nafasi kubwa ya tangazo.

Naamini wewe ni mtu mwenye familia na utanielewa. Nisalimie wote ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi huyo aliyechapa ile rambirambi, mwambie yameisha. Karani mwambie anywe maji ya moto na limau. Na mwenye kuandika maneno ya magodoro, mwambie yanavutia.

Ni mimi, ambaye hadi leo sijakuficha hata nakala moja,
Mwenye Duka la Sikiliza Kwanza
(namba saba kwenye daftari la karani wako)

Nyongeza, Jumamosi hiyohiyo, saa tisa alasiri.

Nilikuwa sijafunga bahasha. Msambazaji, ambaye siku zake ni Jumatatu, amekuja leo, amesema ameombwa na mchumba wangu mwenyewe aniwahishie. Nilifungua boksi nikitafuta pete. Hamna pete. Mna toleo jipya la "Narudi Sasa Hivi", nalo lina nyimbo kumi na moja. Ile sentensi yangu kuhusu uwezo wa kampuni uifute.

Barua ya kampuni inasema koo la Chiriku limechoka, na daktari amemkataza kuimba mwezi mzima. Kwa kuwa albamu ilikuwa nafasi ya ishirini na hawakutaka kukaa bila singo, waliingia studio, wakamsimamisha mbele mmoja wa waitikiaji. Stika ya sita imeandikwa: NDANI, "CHUMVI KIDOGO", ANAIMBA WA PILI KUTOKA KUSHOTO. Inaelekea ndivyo mashabiki wanavyomwita. Kumbe sikuwa peke yangu niliyekuwa natazama upande ule wa jalada.

Nimeuweka kwenye spika ya mlangoni. Nimelia, na mkaguzi wa mabasi ameniona. Wimbo una kiitikio, kizuri sana, na viitikio naomba visiguswe.

Maelekezo yanasema stika hii ibandikwe chini kulia. Sikuyafuata. Nimeibandika juu ya lile jicho la Chiriku lililobaki, anisamehe, na stika ya nne nimeibandua kwenye nakala zote za dukani kwa kikaushia nywele nilichoazima saluni ya jirani. Linatokea kwanza gauni la bluu, halafu shingo, halafu uso unaotazama pembeni. Bado ananitazama mimi.

Chini ya bunda la stika palikuwa na karatasi ya mwandiko wake. Inaanza, "Nimechoka kusubiri." Hapo niliikunja karatasi. Kisha nikaikunjua, nikaendelea. Anasema juzi kwenye basi aliutoa ule mkataba akausoma wote kwa mara ya kwanza, na kwamba maonyesho ni Jumatano hadi Jumapili, siku nyingine ni zake. Mwisho ameandika hivi: "Nani alituambia ndoa lazima iwe Jumamosi? Keshokutwa Jumatatu sina kazi na niko mji wa pili tu. Njoo kwa mama na suti."

Wiki tisini na sita, Ndugu Mhariri, zina Jumatatu tisini na sita. Na mtaalamu wa hesabu nilikuwa mimi.

Shangazi alipokuja na "Bado?" yake nilimpa karatasi aisome. Ametoka mbio kwenda ukumbini, amerudi anasema Jumatatu pako wazi, na safari hii tumeandikwa kwa wino. Kabla ya kuondoka amenunua albamu. Nimemkumbusha kwamba hana redio. Amesema anataka ile picha.

Kwa hiyo barua yangu usiichapishe, na albamu iache ilipo, au ipande kama itapanda, hata wiki mia mbili. Jumatano nitakuwa kwenye basi la bendi, nimebeba koti lake, kwa hiyo karani akipiga simu Alhamisi hatanipata. Duka nalifunga leo jioni na takwimu zangu za wiki zimekamilika. Mwambie aandike thelathini na saba. Mbili kati ya hizo nimenunua mimi. Nyumbani ninayo, ni kweli, lakini haina stika hii.